Bibi Mapazia na Ndege Isiyo na Mlango

Bibi Mapazia, binti wa Mpaka Chokaa aliyeipaka shule nzima kwa ndoo tatu na ya nne akaenda nayo nyumbani. Mjukuu wa Mama Vyungu aliyemkimbilia mteja njiani ili amnyang'anye chungu kilichopinda, mteja mwenyewe akiwa hajagundua. Mjane wa Bwana Tabasamu, mpiga picha ambaye katika miaka thelathini na minne ya kazi aliwakata watu vichwa mara mbili tu, na mara ya pili aliyekatwa alishukuru. Huyo ndiye mwenye habari hii.

Na matendo yake mwenyewe? Alichora ngazi ya marumaru yenye vidato kumi na saba isiyokwenda popote, na wachumba kwa mamia wakasimama chini yake kana kwamba ghorofani wanasubiriwa wao. Alichora maporomoko ya maji kwa kutazama boksi la majani ya chai, na waliopigwa picha mbele yake walijifunga shuka wakidai wamesikia baridi. Kisha akachora ndege. Ilikuwa na madirisha kumi na mawili, mabawa mawili na mkia mwekundu, ila haikuwa na mlango. Kalenda aliyoitazama ilikuwa imechanika pale pale penye mlango, na Bibi Mapazia, ambaye hajawahi kupanda kitu kinachoondoka ardhini, alikataa kubuni.

"Nikiuweka pasipo pake, abiria watatokea wapi?" alisema akiwa na miaka ishirini na sita. Akiwa na sabini na moja alikuwa bado anasema hivyo hivyo, na kwa sauti ile ile.

Vijana wa leo huenda wasijue mapazia hayo ni kitu gani. Zamani, ukitaka picha, ulioga, ukavaa, ukaenda studio. Huko ulisimamishwa mbele ya kitambaa kikubwa kilichochorwa mandhari, na picha ikitoka, wewe uliyeacha maharage jikoni ulionekana umesimama uwanja wa ndege. Kitambaa hicho ndicho pazia. Bibi Mapazia alikinunua kwa majora, akakishona mwenyewe upana wa mita nne, akakipaka uji wa wanga ili kikakamae, akakipigilia ukutani na kuanza kuchora kutoka juu kwenda chini, akiwa amepanda meza, na juu ya meza kiti, na juu ya kiti ubishi wake.

Ndiyo maana ukuta ulikuwa kila kitu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mtaa wa maduka, na kilijengwa kuwa ghala, kwa hiyo dari lake lilikuwa juu mno. Kulikuwa na dirisha moja refu lililoingiza mwanga wa kutosha bila kuingiza jua, makopo ya rangi yaliyopangwa kufuata umri badala ya rangi, na sakafuni, hatua tano kutoka ukutani, alama ya duara iliyopigwa kwa chaki. Hapo ndipo mtu aliposimama. Bwana Tabasamu aliichora alama hiyo siku ya kwanza ya ndoa yao, na kila ilipofutika mkewe aliipiga upya. Nyumba zote nyingine za mtaa ule zilikuwa na dari la kugusa kwa mkono. Huwezi kuchora maporomoko mahali ambapo mtu mrefu anainama.

Kuna jambo moja zaidi la kulijua kabla hatujaendelea. Katikati ya kila pazia Bibi Mapazia aliacha mahali patupu. Pembeni utakuta maua, nguzo, simba, lakini katikati, upana wa watu wawili, pana rangi tupu tu. "Hapo ni pa mwenye picha," alisema. Wabaya wake, yaani wifi zake wawili, walisema anaacha nafasi kwa sababu hajui kuchora watu. Hilo nalo lilikuwa kweli. Alijaribu mara moja kumchora wifi mkubwa, na kila aliyeiona picha ile aliuliza birika limenunuliwa wapi.

Kisha simu zikaja na picha ndani yake. Watu wakaanza kujipiga wenyewe, jikoni, kitandani, na mahali pengine pasipofaa kutajwa. Studio ikapungukiwa na wateja hadi Bwana Tabasamu akawa anajipiga picha mwenyewe ili kamera isishike kutu. Alipofariki, mjane alishikilia chumba kwa kuandika mabango ya saluni na kupamba kuta za chekechea. Kwenye moja ya kuta hizo kuna twiga mwenye shingo fupi hadi leo, kwa kuwa ukuta uliisha kabla ya twiga.

Ndipo siku moja mchana Mwenye Nyumba akabisha hodi. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mpole, wa kuvua viatu mlangoni hata mahali palipojaa rangi. Alirithi nyumba kwa baba yake, na Bibi Mapazia alimjua tangu akibebwa mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti, ila si kwenye hicho, kina bluu."

Akaketi. Akaikuta bluu hata kwenye kile alichoonyeshwa.

"Mama, nimekuja kwa shida. Bwana Makava hapo jirani anataka hiki chumba awe na stoo ya kava zake za simu. Ananipa kodi mara mbili ya unayonipa wewe."

"Kava nazo zinahitaji dari la ghala?"

"Anasema atazipanga hadi juu." Mwenye Nyumba alitazama viatu vyake kule mlangoni kana kwamba vingemsaidia. "Mimi sikufukuzi, mama. Nakupa miezi sita. Ukiweza hiyo kodi mpya, chumba ni chako. Ukishindwa, itabidi unielewe."

"Nitakuelewa," alisema Bibi Mapazia. "Hata siku ile ulipoilowesha suruali mbele ya ndege yangu nilikuelewa. Picha ninayo."

Mwenye Nyumba aliaga haraka.

Sasa tumlete Vidonge. Huyu ni mjukuu wa Bibi Mapazia, binti wa mwanawe wa mwisho, na jina hilo alilipata kwa kuuza katika duka la dawa. Kila Jumapili alikuja kumsaidia bibi yake kuosha brashi, na wawili hao walitaniana kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, wakiitana wake wenza hadi wageni wakachanganyikiwa.

"Mke mwenzangu," alisema Vidonge aliposikia habari za kodi, "dawa ipo."

"Ya kumeza au ya kupaka?"

"Ya mtandaoni. Tunafungua ukurasa. Watu wanaopenda kazi yako wanajiunga, kila mwezi wanatoa kidogo. Mmoja akitoa bei ya soda, si kitu. Wakiwa sitini, kodi mpya imelipika."

"Wananunua nini?"

"Hawanunui. Wanakuunga mkono ili uendelee kuchora."

Bibi Mapazia aliweka brashi chini. "Kwa hiyo ni kuomba. Nikae na kikopo, ila kikopo kiko hewani."

"Si kuomba, Bibi. Nao wanapata chao. Wanakuona ukichora, wanaongea na wewe, wanaongea wao kwa wao. Anayetoa zaidi unamchorea kadi ndogo, tunaituma kwa posta. Wasanii wengi wanaishi hivyo siku hizi, wachongaji, wapiga gitaa. Hawamsubiri tajiri mmoja. Wanao wadogo wengi."

"Na huo ukurasa ni wa nani?"

"Kampuni fulani. Inakata asilimia yake kwanza."

"Dalali," alisema Bibi Mapazia kwa kuridhika, kwa maana sasa alikuwa amekutana na kitu anachokijua. "Na nani atalipa kuutazama mgongo wangu?"

"Utashangaa."

Walibishana Jumapili mbili. Ya tatu Bibi Mapazia alikubali, kwa masharti. Uso wake usionyeshwe, kwa sababu umri si wa kutangazwa. Na pazia jipya lisionyeshwe kwa mtu kabla halijaisha. Sharti hilo la pili lilikuwa la marehemu. Zamani mteja mmoja aliyeagiza ndege alichungulia akaikuta ina bawa moja, akavunja oda akisema hanunui ajali. Tangu hapo pazia likiwa kazini lilifunikwa shuka kila mtu alipoingia, hata padri, hata shehe, hata mtu wa umeme.

"Basi tutaonyesha nini?" aliuliza Vidonge.

"Ya zamani. Nitakuwa nayatia rangi upya. Hayo yalishaisha, hayana aibu tena."

Vidonge akapanga madaraja matatu ya uanachama na kuyapa majina ya mapazia. La chini liliitwa Ngazi, la kati Maporomoko, la juu Ndege. Simu ikasimamishwa juu ya rafu, ikiegemea kopo la njano, na mgongo wa Bibi Mapazia ukaingia duniani.

Mwezi wa kwanza walijiunga kumi na wawili. Tisa walikuwa ndugu, na wawili kati ya hao tisa walikuwa wale wifi, waliojiunga ili wapate kukosoa kwa karibu. Lakini wale watatu wa nje walikuwa watu kweli. Kulikuwa na Muuguzi Mstaafu aliyekuwa na picha yake ya ujana mbele ya ngazi ya vidato kumi na saba, na akaituma. Kulikuwa na Dereva wa Lori aliyesubiri foleni za mpakani siku mbili mbili, akisema kutazama brashi ikipanda na kushuka kunamzuia kugombana na maofisa. Na kulikuwa na Daktari wa Meno aliyekuwa akiishi ng'ambo, aliyelipia Ndege moja kwa moja. Bibi Mapazia aliposikia hivyo aliuliza kama amekosea kubonyeza na kama arudishiwe.

Mwezi wa pili wakawa ishirini na saba. Muuguzi alimwambia shoga yake, shoga akamwambia mwanawe. Wakaanza kujuana wenyewe kwa wenyewe. Dereva alipoumwa jino barabarani, Daktari alimwelekeza cha kufanya hapo hapo chini ya video ya maua ya waridi. Bibi Mapazia hakujua kutumia simu, lakini kila Jumapili Vidonge alimsomea yote yaliyoandikwa, naye alijibu kila mmoja kwa zamu, akiuliza hali ya mguu, hali ya mama mkwe, hali ya lori. Vidonge aliandika hadi kidole gumba kikafa ganzi.

"Bibi, mmoja anauliza mbona ndege haina mlango."

"Mwambie ashuke kwa dirisha."

"Anasema yeye ni mfagizi wa ndege, anaingia humo kila siku."

Bibi Mapazia aliikamua brashi. "Mwambie aendelee kufagia," alisema, lakini kwa sauti ya chini.

Mwezi wa tatu wakafika arobaini na tatu, na Vidonge, kwa furaha, akafanya jambo ambalo baadaye alilijutia. Aliandika kwenye ukurasa: Bibi anataka kuchora pazia jipya, mngependa aweke nini? Nia yake ilikuwa kuchagua wazo moja litakalopendwa na wengi. Wote arobaini na watatu walijibu. Alimsomea bibi yake mmoja mmoja huku akicheka, na alimwona akiandika katika daftari lenye jalada jekundu. Akadhani bibi anaweka kumbukumbu.

Lile lilikuwa daftari la oda.

Katika kazi ya mapazia, mtu akishalipa na akasema anataka pundamilia, huyo ni mteja na pundamilia ni deni. Bibi Mapazia hakuwahi kusikia habari ya maoni. Maisha yake yote, aliyekuwa na maoni bila fedha alisimama nje ya mlango, na aliyetoa fedha alipata alichotaka. Na hawa walikuwa wamelipa, tena wengine miezi mitatu.

Akanunua kitambaa, akapika wanga, akapigilia, akafunika shuka. Vidonge alipokuja Jumapili alimkuta bibi amesimama mlangoni kama askari.

"Ingia uoshe brashi, lakini ukitazama ukutani tutaachana."

"Tuonyeshe hata pembe, Bibi. Wanachama wanangoja."

"Aliyeagiza kitanda hapewi mguu mmoja."

"Basi tutie rangi pazia la zamani tuwape kitu cha kutazama."

"Mikono ni miwili, nayo ina kazi."

Wiki ya kwanza wanachama waliulizia. Ya pili waliuliza kama Bibi anaumwa. Ya tatu wifi mdogo aliandika kwamba wifi yake hakuwa hivyo zamani, na ya nne watu wakaanza kujitoa. Hawakujitoa kwa ubaya. Mtu anayetoa bei ya soda kila mwezi anataka aone kama mwenye soda yupo hai. Vidonge alitazama idadi ikishuka. Arobaini, thelathini na sita, thelathini na moja. Mwisho wa mwezi wa tano walikuwa ishirini na tisa, na Bwana Makava alishakuja na futi kupima ukuta kwa nje.

"Bibi," alisema Vidonge siku hiyo, na hakuwa anatania, "chumba kinaondoka."

"Nimemaliza," alisema Bibi Mapazia, akavuta shuka.

Vidonge alikaa juu ya kopo la rangi bila kuangalia ni rangi gani.

Pazia lilikuwa na kila kitu. Pundamilia alipanda ngazi. Ngazi ilipita kando ya bahari iliyokuwa na theluji ufukweni, kwa sababu Muuguzi alitaka bahari na Daktari alitaka theluji. Kulikuwa na lori jekundu lililovuka mpaka bila foleni. Kulikuwa na miezi miwili angani, maana wawili waliomba mwezi na hakutaka kumnyima mmoja. Kulikuwa na friji, iliyoombwa na mtu ambaye huenda alikuwa anatania, imezungukwa na alizeti. Kulikuwa na mnara wa saa unaoonyesha saa nne asubuhi, kuku watano, treni, mti wa malimau, dirisha lenye paka, na birika, ambalo ni wifi mkubwa aliyeliomba kwa uchokozi na akachorewa vizuri kuliko kitu kingine chochote. Vitu arobaini na vitatu, hakuna kilichomkalia mwenzake. Na katikati, upana wa watu wawili, patupu.

"Bibi," alisema Vidonge, "yale yalikuwa maoni."

"Mtu kalipa, kasema anataka pundamilia juu ya ngazi. Hayo ni maoni gani?"

"Tungechagua moja tu."

"Na wale arobaini na wawili niwaambie nini? Kwamba walilipa ili wamwone jirani akihudumiwa?"

Vidonge akapiga picha na kuiweka kwenye ukurasa. Majibu yakaja mchana huo huo. Kila mtu alikuwa akitafuta kitu chake kama mtoto anayetafuta kiatu. Dereva aliandika kwamba lori ni lenyewe hasa, hadi taa iliyovunjika kushoto. Waliojitoa walisikia, kumi na mmoja wakarudi kuangalia kama vyao navyo vimo. Vilikuwemo, kwa kuwa daftari jekundu halifutwi. Lakini kati ya pongezi hizo likaibuka swali moja, halafu likaulizwa na wengi: Mbona katikati patupu? Bibi amesahau? Bibi amechoka? Mmoja alipendekeza, kwa heshima, amalizie kwa kuchora mtu.

Vidonge alisoma kwa sauti. Bibi Mapazia alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Washa hiyo simu," alisema. "Igeuze huku."

"Uso, Bibi?"

"Sasa nitaongea nao kwa kisogo?"

Akaketi. Akarekebisha kilemba. Akaitazama simu kama alivyokuwa akiwatazama wateja waliokuja na shati lisilopigwa pasi.

"Hamjambo," alisema. "Mnauliza katikati. Sikusahau. Miaka arobaini na mitano sijawahi kuchora mtu hapo, kwanza kwa sababu sijui, wifi zangu wamo humu watawaeleza. Pili kwa sababu si pangu. Nimewachorea mlivyotaka, paka, friji na miezi yenu miwili, lakini pazia bila mtu mbele yake ni kitambaa kichafu tu. Hapo katikati ni penu. Alama ya chaki iko sakafuni. Aliye karibu aje Jumamosi asimame. Aliye mbali anitumie picha yake nzima, kichwa mpaka viatu, tutaona la kufanya. Na mvae vizuri. Huwa sipigi watu na kandambili."

Kisha akamwambia Vidonge azime. Vidonge alisahau, na wanachama wakamwona Bibi akiuliza kama kilemba kilikaa sawa.

Jumamosi walikuja watu ishirini na zaidi, na wengi wao hawakuwa wanachama asubuhi, ila jioni walikuwa wanachama. Muuguzi Mstaafu alikuja amevaa gauni lile lile la picha ya ujana, limepanuliwa pembeni kwa kitambaa kingine, akasimama kwenye duara, na Vidonge akampiga kwa kamera ya Bwana Tabasamu iliyotolewa vumbi. Walio mbali walituma picha zao. Vidonge alizichapisha kubwa kama mtu, akazibandika kwenye maboksi ya dawa yaliyobomolewa, akazikata kwa kufuata mwili na kuzisimamisha kwenye chaki. Ndivyo Daktari wa Meno wa ng'ambo alivyopigwa picha kando ya theluji aliyoiomba, nyuma yake imeandikwa dawa ya kikohozi ya watoto. Dereva alisimama mbele ya lori lake akiwa yuko mpakani bado, siku ya pili ya foleni. Picha zikatumwa kwa posta, na kila aliyeipata aliionyesha kwa wengine, kwa maana hakuna mtu anayeweza kukaa kimya akiwa na pundamilia, friji na yeye mwenyewe katika picha moja.

Idadi ikapanda tena. Arobaini na nane. Hamsini na mbili. Siku ya mwisho ya mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, walikuwa hamsini na saba, na saa nne Mwenye Nyumba akabisha hodi, Bwana Makava akiwa nyuma yake na ufunguo wa kufuli jipya mkononi.

"Shikamoo, mama. Leo ndiyo leo."

"Marahaba. Mbona hamkai?"

Walikuwa hawakai kwa sababu walikuwa wanatazama ukutani. Bwana Makava alikuwa ameona kuku watano akaanza kuwahesabu. Mwenye Nyumba aliona duara la chaki, na bila mtu kumwambia, akaenda akasimama ndani yake. Miguu ilikumbuka.

"Usisimame bure hapo," alisema Bibi Mapazia. "Siku hizi pana wenyewe. Ni kwa wanachama."

"Wanachama wa nini?"

Vidonge akamweleza, Ngazi, Maporomoko na Ndege. Mwenye Nyumba alisikiliza kwa makini kama anayesomewa mkataba. Kisha akauliza Ndege ni ile ya zamani? Ile aliyopigwa nayo akiwa mdogo?

"Ile ile. Na picha yako ninayo, ya suruali. Mwanachama wa Ndege anapewa picha zake za zamani azitunze nyumbani, mahali pasipoonekana na watu. Asiye mwanachama, ninazitunza mimi, na mimi ukutani pangu pana nafasi."

Bwana Makava aliacha kuhesabu kuku akamtazama Mwenye Nyumba kwa hamu.

"Niandikeni Ndege," alisema Mwenye Nyumba.

Vidonge alipiga hesabu midomo ikicheza. Ndege moja ilikuwa na uzito wa Ngazi tatu. Hamsini na saba, na tatu. Aliinua macho akamtazama bibi yake, na bibi yake, ambaye hakuhitaji kuambiwa, akaingiza mkono chini ya kopo la njano, akatoa bahasha ya kodi mpya, na kumkabidhi Mwenye Nyumba kwa mikono miwili, pungufu kidogo.

"Iliyobaki umeshika wewe," alimwambia. "Itaingia kesho, dalali akishakata chake."

Mwenye Nyumba alikuwa ameshafika barabarani alipofahamu kwamba amejilipa kodi. Wanasema alisimama, akafikiri, akaendelea na safari. Bwana Makava alirudi dukani na ufunguo wake, na wiki iliyofuata alijiunga na Ngazi, ili amalize kuhesabu kuku, alivyosema mwenyewe.

Jumapili Vidonge alikuja kuosha brashi kama kawaida. Pazia jipya lilikuwa limekunjwa pembeni, na ukutani ilikuwa imetundikwa ndege, mkia mwekundu umefifia, madirisha kumi na mawili yakitazama chumba. Bibi Mapazia alikuwa amekaa kwenye kiti cha bluu na bahasha mapajani. Ilitoka kwa yule mfagizi wa ndege. Ndani mlikuwa na picha tatu za mlango, kutoka nje, kutoka ndani, na moja ambayo mfagizi mwenyewe amesimama mlangoni na ufagio kuonyesha kimo.

"Uko mbele zaidi ya nilivyofikiri," alisema Bibi Mapazia. "Mbele kabisa, karibu na rubani. Ningeubuni, ningewatoa abiria kwenye bawa."

"Sasa utauchora?"

"Meza imekuwa ndefu siku hizi. Na kiti juu yake kimekuwa kirefu zaidi." Akachukua brashi ya bapa, ile iliyokatwa nywele na Bwana Tabasamu, na kipande cha chaki, akaviweka juu ya picha tatu, akamsogezea mjukuu wake. "Utauchora wewe, mke mwenzangu. Wanachama waonyeshe mikono yako, mgongo wangu wameuchoka. Shuka liko pale. Usiniite hadi rangi ikauke."

Vidonge alipanda meza. Kutoka juu aliuliza mlango uwe umefungwa au umefunguliwa.

"Hilo ni lako," alisema Bibi Mapazia akielekea nje. "Ila katikati usipaguse."